Ulimbo wa Nitrojeni

Tangu babu aanze kutumia mtambo wa oksijeni, mimi ndiye ninayelala naye chumbani, hapa Umoja, na nimezoea jinsi mtambo huo unavyoshusha pumzi kila baada ya sekunde chache, kama mtu anayetua mzigo.

Ndani yake mna silinda mbili zenye chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno. Hewa ikishindiliwa humo, nitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote, hunata kwenye kuta za vitundu, nayo oksijeni hupita. Wengi hudhani kuwa hilo ni chekeche, kwamba nitrojeni ni kubwa mno kupenya. La hasha: zote mbili huingia, ila nitrojeni huvutwa kwa nguvu zaidi na chaji za umeme zilizo katika madini hayo. Ni ulimbo, si chekeche.

Kinachonata hukaa juu ya uso tu, hakizami kama maji katika sifongo, na kwa hiyo uso lazima uwe mpana. Gramu moja ya makaa amilifu ya vifuu vya nazi, yaani makaa yenye vitundu vingi ambayo nayo hunasa kwa njia hiyo, yaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000. Mwaka 1918 mwanakemia Irving Langmuir alieleza kwamba uso huo una nafasi zenye kikomo. Mimi huuona kama matatu isiyobeba abiria wa kusimama: viti vikijaa, kuongeza shinikizo hakufai kitu.

Kunasa basi ni rahisi. Kazi ya kiwandani iko katika kuachilia. Shinikizo likishushwa, nitrojeni hubanduka na kutoka (hiyo ndiyo pumzi ninayoisikia), huku silinda ya pili ikiendelea na zamu. Mvuke wa maji haubanduki hivyo. Hung'ang'ania zeolaiti hata viwanda vinavyokausha gesi asilia hulazimika kuipasha moto mkali, na mtambo wa nyumbani hauna tanuri. Wetu tuliununua ukiwa umetumika, baada ya kukaa stoo yenye unyevu, na wiki ya pili taa ya manjano, ya kuonya kuwa oksijeni imepungua, ikawaka. Fundi hakutengeneza chochote. Alibadilisha silinda zote mbili.

Kipimo cha oksijeni inayotoka mtamboni kilisoma asilimia 94.

“Mbona haifiki mia?” babu akauliza.

Nikamweleza kuwa sehemu kubwa ya kilichobaki ni agoni, gesi nyingine iliyomo hewani, ambayo ulimbo huu hauitofautishi na oksijeni.