Kwa Treni Juu ya Mkanda wa Hiawatha

Treni ya Syracuse ilipoondoka Manhattan niliipa bahari mgongo, na shanga za wampum, zichongwazo kutoka magamba ya baharini, nazo zilisafiri hivyo hivyo. Pwani za Long Island zina aina ya chaza mwenye gamba nene, jeupe ndani, ukingoni zambarau. Zambarau hiyo ni haba. Wenyeji wa pwani, kama Washinnecock, waliikata vipande, wakaitoboa kwa keekee huku wakiimwagia maji, upande huu kisha ule mpaka matundu yakutane, halafu wakaisugua juu ya jiwe. Ushanga uliokamilika haukuzidi punje ya mchele. Nyeupe ilitoka kwa konokono wa baharini.

Iroquois, muungano wa mataifa ya wenyeji wa New York ambao wenyewe hujiita Haudenosaunee, waliishi bara. Shanga zikawafikia, wakazisuka kuwa mikanda.

Baada ya Albany reli inageuka magharibi na kuufuata mto Mohawk. Hapo nikafungua kwenye simu picha ya Mkanda wa Hiawatha: safu 38 za shanga, uwanja wa zambarau, miraba minne myeupe na mti katikati. Wamohawk wako mashariki, kisha Waoneida, Waonondaga ndio mti, halafu Wacayuga, na Waseneca magharibi. Mataifa matano yaliyoacha kuuana. Treni yangu ilikuwa inapita taifa baada ya taifa kwa mpangilio ule ule! Mstari mweupe unaowaunganisha unafika hadi kingo zote mbili, kwa kuwa njia iko wazi kwa taifa lingine litakalotaka amani hiyo.

Albany imeniuma. John Boyd Thacher, aliyewahi kuwa meya wake, alinunua mikanda minne mwaka 1893, huu ukiwamo. Waonondaga walimshtaki, mahakama ikawanyima. Lakini mkanda hauna mwenyewe wa kuuuza. Mtunzaji huushika kwa niaba ya watu wote na kutamka mbele ya baraza maneno aliyorithishwa. Ukifungiwa kabatini, nani atayatamka? Jumba la Makumbusho la jimbo la New York liliwarudishia Waonondaga mikanda 12 mwaka 1989, huu pamoja nao.

Syracuse nilikwenda kwenye kituo cha Skä•noñh, kando ya ziwa Onondaga. Mama mmoja aliyetupokea alianza na msiba, si mikataba. Hiawatha, ambaye mkanda umepewa jina lake, alifiwa na binti zake, akawa anatunga magamba kwenye uzi peke yake. Mleta Amani, aliyeyapatanisha mataifa yale matano, akamjia, akazishika nyuzi zile na kumfuta machozi kwa maneno. Hadi leo chifu akifariki, nyuzi za wampum hutolewa kumfariji mfiwa: kufuta macho, kuzibua masikio, kusafisha koo, ili aweze tena kusema na wenzake.

Nikaendelea hadi Canandaigua, nchi ya Waseneca. Mkanda wa mkataba wa 1794 kati ya Marekani na Haudenosaunee una watu 13 walioshikana mikono, kwa majimbo 13 ya kwanza ya Marekani, na wawili zaidi kando ya nyumba iliyo katikati. Serikali ya Marekani bado hupeleka vitambaa kila mwaka kama ilivyoahidi, na kila tarehe 11 Novemba Haudenosaunee hukusanyika mjini hapo kuikumbusha yale mengine.