Keria Tupu Juu ya Paa na Mafuta Yanayopotea Njiani

Desemba ikikaribia, magari mengi ya Dar es Salaam hufungwa keria kwa ajili ya safari za kwenda nyumbani Moshi, Arusha au Mbeya, na kwa familia kubwa yenye mabegi, magunia na zawadi za wazee hakuna njia nyingine. Linalonisumbua ni kwamba Januari huingia, shule hufunguliwa, mizigo huwa imeshashushwa zamani, na keria hubaki palepale mpaka Desemba nyingine. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri EWURA itangaze bei mpya za mafuta, na bei hizo hatuna uwezo wa kuzibadilisha; keria tunaweza kuifungua wenyewe kwa spana.

Gari linapokwenda hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na kani ya upinzani wa hewa hiyo huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, kani hiyo huwa mara nne, na nguvu ambayo injini inatakiwa kutoa ili kuishinda huwa mara nane. Ndiyo maana kifaa ambacho hukihisi kabisa ukiwa kwenye foleni ya Ubungo huanza kula mafuta ukishaipita Chalinze na barabara ikanyooka. Waundaji wa magari hutumia muda mwingi kulainisha umbo la paa ili hewa iteleze juu yake kwa utulivu, halafu sisi tunakatiza njia hiyo kwa vyuma. Mluzi unaosikika juu ya kichwa cha dereva mwendo unapoongezeka hutokana na hewa hiyo inayovurugika inapopita kwenye vyuma.

Kwa mujibu wa takwimu zinazotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani, sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza umbali unaokwenda kwa kila lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, asilimia 6 hadi 17 barabara kuu, na asilimia 10 hadi 25 katika kasi ya takriban kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Chukua gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, ulipeleke Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Upungufu wa asilimia 10 tu unamaanisha zaidi ya lita 4 za ziada kwa kwenda peke yake, na kurudi bado. Keria tupu hailingani na sanduku lililojaa, lakini sanduku husafiri siku chache, ilhali keria iliyosahaulika hukatana na upepo mwaka mzima.

Umbo lake nalo lina uzito wake katika hesabu. Keria nyingi tunazochomelewa na mafundi wa hapa mjini ni za bomba la mraba, zenye ukingo ulioinuka pande zote kama kitanda; ni imara kweli, na hubeba gunia la mchele bila kulalamika, lakini uso wake bapa hupokea upepo wote. Vyuma vyenye umbo la bawa hupitisha hewa vizuri zaidi. Anayelazimika kubeba mzigo juu aupange uwe mfupi kwa kimo, mbele pawe chini kuliko nyuma, na turubali likazwe kamba mpaka lisipigepige. Kabla ya hayo yote, buti lijae kwanza.

Ngao ya chuma inayofungwa mbele ya bampa huathiri mafuta kwa njia mbili: huvuruga upepo barabara kuu, na huongeza uzito, ambao hapa mjini ndio hasa unaoumiza. Kilo 45 za ziada hupunguza ufanisi wa mafuta kwa takriban asilimia 1, na gari dogo ndilo linaloumia zaidi. Kutoka Mwenge mpaka Morocco jioni, dereva huondoka na kusimama tena na tena. Kila anapoondoka injini huusukuma uzito huo upya, na kila anapokanyaga breki nishati hiyo hupotea kama joto. Kwa mtu anayepita Mikumi usiku, ambako wanyama hukatiza barabara, ninaielewa ngao. Kwa gari lisilovuka Kibaha sioni kazi yake.

Rimu kubwa na matairi mapana yana hesabu hiyohiyo ya uzito, tena mbaya zaidi, kwa kuwa gurudumu zito linahitaji nishati ya kusogezwa mbele na nishati nyingine ya kuzungushwa. Spoila iliyotoka kiwandani na gari lake mara nyingi husaidia hewa iachane na gari vizuri. Ile kubwa iliyopachikwa baadaye kwa ajili ya mwonekano inaweza kuongeza upinzani. Vikinga mvua vya madirishani si vya kukosesha mtu usingizi. Na siku ya Simba na Yanga, bendera ziacheni zipepee.

Anayetaka kujua gari lake linapoteza kiasi gani ajaze tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, atembee njia zake za kawaida hadi tenki likaribie kwisha, kisha ajaze tena kwenye pampu ileile na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Afanye hivyo keria ikiwapo na ikiwa imefunguliwa, na upepo wa matairi uwe sawa mara zote mbili, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo nalo hula mafuta. Aliyebadilisha matairi akaweka yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani akumbuke kwamba dashibodi sasa inahesabu kilomita pungufu ya zile alizotembea, hivyo azirekebishe kwanza kabla ya kugawanya.