Saa kwa saa na afisa rasilimali watu (HR) mpya, tarehe 22 ya mwezi

Saa 11:30 alfajiri. Foleni ya mabasi ya mwendokasi Kimara imeshapinda. Ukichelewa dakika ishirini hapa, mjini unaweza kuchelewa saa nzima, na HR anayechelewa hana uso wa kumwandikia mwenzake barua ya onyo.

Saa 1:30. Ofisini Posta bado kimya. Fungua kabati la mafaili kabla simu hazijaanza. Leo anaripoti mhasibu mpya, kwa hiyo hakikisha faili lake lina nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), vyeti na akaunti ya benki. Muulize pia kama alisoma kwa mkopo. Mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na wengi hukumbuka siku ya 40.

Saa 3:00. Mkataba. Aliyetoka chuo huangalia mshahara na cheo, akaruka kipengele cha mahali mtu alipoajiriwa. Kama mhasibu amefuatwa Mwanza, andika Mwanza. Siku ajira ikiisha, sheria inamtaka mwajiri amrudishe alikomtoa, yeye na mizigo yake, au amlipe nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku zote anazosubiri usafiri huo. Ukiandika Dar es Salaam kwa mazoea tu, umepanda mgogoro utakaoota baada ya miaka mitano.

Saa 4:15. Dereva mzee yuko mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ovataimu yangu haijakaa sawa tena."

Usimwambie arudi kesho. Chukua kalamu mkae wote. Mshahara wake wa msingi ni 600,000. Aliyekutangulia aligawa kwa siku 30, kisha kwa saa 8, akapata 2,500 kwa saa. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 halisemi hivyo. Unazidisha 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi mmoja, kwa saa za kawaida za wiki, ambazo kwake ni 45, unapata 195. Laki sita ukiigawa kwa 195 ni 3,077 kwa saa, na ukizidisha mara moja na nusu ni 4,615. Yeye alilipwa 3,750. Kwa saa 40 alizofanya, anadai kama 34,600. Mzee hakukosea. Na angalia kadi yake ya mahudhurio, maana ukomo ni saa 50 za ziada katika wiki nne.

Saa 5:00. Mishahara yenyewe, kazi inayomfanya mtu azime simu. Chukua mfano wa mhasibu wa 1,200,000 bila posho, aliyesoma kwa mkopo. NSSF asilimia 10 ni 120,000, nayo hutoka kwanza, ndipo kodi. Inabaki 1,080,000. Kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi, yaani 24,000, jumla 152,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, siyo ya kilichobaki: 180,000. Mkononi 748,000. Ukikata kodi kabla ya kutoa NSSF utamnyang'anya 36,000, na atajua tu, maana wahasibu hawalali kabla ya kukagua hati zao za mshahara. Kodi iwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Saa 7:00. Wali maharage kwa mama ntilie. Mezani usijibu swali lolote la mshahara wa mtu.

Saa 8:00. Meneja wa ghala anataka kikao cha nidhamu kesho saa 4 asubuhi, kwa barua itakayotoka leo. Mkatalie. Mtuhumiwa anastahili angalau saa 48 za kujiandaa, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Barua ieleze kosa, tarehe na mahali. "Utovu wa nidhamu" peke yake si kosa linalojibika. Mtuhumiwa aandike saa aliyoipokea na asaini. Akigoma, shahidi asaini kwamba barua ilisomwa mbele yake. Meneja huyo pia asiwe mwenyekiti wa kikao, kwa kuwa ndiye mlalamikaji. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: kosa lipo, utaratibu haupo.

Saa 9:40. Fomu za likizo. Siku 28 za mwaka ni za mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani. Anayeanza Jumatatu anarudi Jumatatu ya nne baadaye. Ukihesabu siku za kazi tu, umegawa zaidi ya wiki nzima ya bure.

Saa 11:00. Funga kabati, funguo ubaki nazo. Barua ya ghala iko mezani, tarehe ya kikao imesogezwa hadi tarehe 25.