Umeumia kwenye mtumbwi wa tajiri? Mgawo haufuti haki yako

Mialoni huku Mwanza, Tanzania, iwe Igombe au Kayenze, kuna kauli sugu: mvuvi wa mgawo, anayelipwa sehemu ya mapato ya samaki badala ya mshahara, si mwajiriwa, kwa hiyo pangaboi ikimkata vidole, hiyo ni bahati yake mbaya. Wenye mitumbwi wanaipenda sana kauli hiyo. Sheria haiko hivyo.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuhesabu mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa kilizozitaja: mashine na nyavu ni vya tajiri (mwenye mtumbwi), yeye ndiye mwenye kauli lini mwingie ziwani, unamtegemea kwa kipato, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mvuvi wa dagaa huzimaliza saa hizo ndani ya wiki moja ya giza, usiku usio na mbalamwezi.

Ukishakuwa mwajiriwa, fidia yako iko WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kujisajili na kuchangia ni juu ya tajiri, na mchango hautoki kwenye mgawo wako. Mpe taarifa mara moja, kwa maandishi au hata ujumbe wa simu. Naye ana siku 7 kuifikisha WCF. Akikaa kimya, ipeleke mwenyewe. Usiache miezi 12 ipite.

Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya kipato cha mwezi. Kipato gani, wakati leo mmegawana na kesho mmerudi mikono mitupu? Hapo ndipo penye ugumu. Piga picha daftari la hesabu, kurasa za miezi 3 angalau, kabla halijapotea (na hupotea). Tunza miamala ya simu. Omba BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) barua inayotaja mtumbwi uliokuwa unafanyia kazi.

Hospitalini, daktari aandike chanzo: “amekatwa na pangaboi akiwa kazini ziwani”. Cheti kinachosema “jeraha la mkono” tu hakikusaidii.

Tajiri akileta pesa ya dawa, pokea. Karatasi ikisema “nimelipwa madai yote”, usitie dole gumba. Iandikwe “msaada wa matibabu”.

Akikufukuza kwa sababu umeumia, hilo ni shauri jingine, la CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na una siku 30 tu. Jaza Fomu Namba 1, mpe tajiri nakala kwanza na asaini kuipokea, ndipo uisajili.