Siku Moja Maishani Mwangu: Tunaanzisha Mtandao wa Kijamii Bengaluru

Saa 12:30 asubuhi. Kabla sijanawa uso nimekwisha kufungua kompyuta kutazama ni wangapi wamejisajili usiku, na leo idadi ni sifuri. Nilitoka Tanga kuja India kusomea kompyuta, nikabaki, na huu ni mwaka wa pili tangu mimi na wenzangu watatu tuanze kujenga mtandao wa kijamii wa wasemaji wa Kibhojpuri waliotoka jimbo la Bihar kwenda kutafuta kazi katika miji ya mbali kama Surat, Chennai na huu wetu wa Bengaluru. Huwa tunapata watu wachache, lakini hatujawahi kukosa hata mmoja.

Saa 1:15. Chanzo kimepatikana, nacho ni sisi wenyewe. Anayejisajili hutumiwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na kwa kanuni za TRAI, mdhibiti wa mawasiliano wa India, kampuni sharti isajili mapema jina linalotuma ujumbe pamoja na maneno yenyewe ya ujumbe huo, kwa kuwa ujumbe usiolingana na maneno yaliyosajiliwa huzuiwa njiani. Jana usiku mmoja wetu aliona neno fulani halina adabu ya kutosha, akalibadilisha. Tumelirudisha lile la zamani, adabu itasubiri kibali.

Watu huuliza kwa nini ujumbe huo tunauandika Kihindi kwa herufi za Kilatini badala ya Devanagari, herufi za kawaida za Kihindi. Sababu ni fedha: ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160 za Kilatini, lakini ukitumia Devanagari hubeba 70 tu, na ujumbe wetu ukivuka hapo hulipiwa kama wa pili.

Saa 3:00. Idli mbili na kahawa ya kikombe cha chuma, kisha basi.

Saa 4:30. Kikao kilichopangwa kuwa cha nusu saa kimekula saa mbili, na ajenda ilikuwa kisanduku kimoja tu katika fomu ya kujisajili, kile cha jina la ukoo. Tuliiga fomu za mitandao ya nje, zenye jina la kwanza na jina la ukoo, na vyote viwili vya lazima. Mwenzetu Mtamil alikuwa wa kwanza kulalamika, kwa sababu yeye hana jina la ukoo, ana herufi moja ya jina la baba yake inayotangulia lake. Kwa watu wa Bihar jambo lenyewe lina uzito zaidi, maana jina la ukoo mara nyingi hutaja tabaka la mtu, na tangu vuguvugu la mwanasiasa Jayaprakash Narayan la mwaka 1974 wako wengi walioacha kwa makusudi majina hayo, wakabaki na jina moja au wakaongeza Kumar, ambalo halimfichui mtu. Tulipofungua orodha ya watumiaji tukakuta visanduku vingi vimejazwa nukta. Mwenzetu Mbengali, ambaye ofisini sote tunamwita dada (kwa Kibengali maana yake ni kaka, nami bado sijazoea kumwita hivyo mwanamume mwenye ndevu), alitaka kisanduku kibaki ili marafiki watafutane kwa urahisi. Mimi nilisema kiondoke. Hatukukubaliana.

Saa 8:00 mchana. Mazungumzo ya simu na mwekezaji, ambaye aliuliza swali wanalouliza wote: mtandao wa kijamii wa Orkut, uliopendwa sana India, ulifungwa mwaka 2014, na ule wa Koo, uliozaliwa hapa hapa Bengaluru, ukafungwa mwaka 2024, sasa ninyi ni nani? Nilimjibu kwamba ShareChat, iliyoanza mwaka 2015, ilipata watu wake kwa lugha za nyumbani, na kwamba Kibhojpuri hakimo hata katika lugha 22 zinazotambuliwa katika Jedwali la Nane la Katiba ya India, ingawa wasemaji wake ni mamilioni. Alisema atatupigia. Sina hakika.

Saa 10:30 jioni. Tumekwenda kwenye jengo linalojengwa, ambako mafundi rangi wanne kutoka wilaya ya Siwan wametukubalia tuwatazame wakijisajili. Mkubwa wao alifuta kidole kwenye suruali, akaandika jina lake moja, akabonyeza, na maandishi mekundu yakamkatalia. Alijaribu tena. Kisha, bila kuuliza mtu, akaweka nukta katika kisanduku cha pili na kuendelea, kama mtu aliyezoea kuruka mfereji ulio mbele ya mlango wake. Alipofika mahali pa kuandika salamu hakugusa herufi hata moja, bali alibonyeza alama ya kipaza sauti na kusema. Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Hakusema neno, lakini tukiwa kwenye bajaji alinitazama, akasema, “Kiondoe, bhai.”

Saa 2:00 usiku. Limekuja lalamiko: mwanamke mmoja anasema picha yake imetumiwa kufungulia akaunti bandia. Kanuni za India za mwaka 2021 zinautaka mtandao wa kijamii utangaze jina la afisa wa malalamiko, na afisa huyo athibitishe ndani ya saa 24 kwamba amelipokea. Mtandao ukifikisha watumiaji laki 50, yaani milioni 5, huongezewa masharti mengine. (Wahindi huhesabu kwa laki kama sisi, au tuseme sisi ndio tunaohesabu kama wao.) Sisi tuko mbali mno na idadi hiyo, ila picha ya mtu haingoji idadi. Afisa wetu ni yule Mtamil, ambaye pia ndiye mtunza seva. Akaunti imefungwa kabla ya chakula.

Saa 5:10 usiku. Kisanduku kimeondolewa. Ujumbe unafika na watu wameanza kuingia tena. Wa kwanza ni mtu wa Chapra, ambaye bila shaka simu yake ilikuwa imehifadhi ukurasa wa zamani, kwa kuwa mbele ya jina lake ameweka nukta.