Gereji ya Harlem imeninyima usingizi

Jamani mi nafundisha watoto kudansi hapa Uyole, Mbeya, tunafanyia kwenye gereji ya fundi mmoja jumapili akiwa hayupo, baridi ya Julai mnaijua wenyewe, watoto wanacheza na masweta. Sasa jana usiku nikawa nasoma habari za Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyeingia New York City Ballet, kundi kubwa la densi ya baleti, mwaka 1955, enzi ambazo mweusi kumuona kwenye baleti ilikuwa kazi kweli, na akapanda mpaka akawa mchezaji mkuu. Alafu Martin Luther King alipouawa 1968 akarudi kwao Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York, kufundisha watoto, na alianzia GEREJI, mlango wazi ili wanaopita mtaani waingie!! 1969 yeye na mwalimu wake Karel Shook wakaanzisha Dance Theatre of Harlem, shule na kundi la baleti. Nililia. Ila kilichonimaliza ni viatu, vya baleti vilikuwa pinki kufuata ngozi ya mzungu, wao wakawa wanavipaka rangi kila mtu kivyake mpaka vifanane na ngozi yake.

Leo nimefungua mlango wote, kaingia dogo mmoja na ndoo ya parachichi kichwani, kaitua pembeni, kaanza kufuata hatua.