Kupanga nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar: kagua ukuta kabla ya kutoa kodi

Raha ya Mji Mkongwe ni kwamba kila kitu ni kwa miguu: samaki na mboga soko la Darajani, jioni bustani ya Forodhani, bandari hapo hapo. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hupunguza joto la mchana, mradi madirisha yanapitisha hewa.

Ila kuta hizo hizo ndizo zenye maradhi. Chokaa hupumua. Mwenye nyumba akiipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, rangi hututumka, kisha plasta hubanduka vipande vipande. Pitisha kiganja ukutani, usawa wa magoti: kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chumvi, na rangi mpya haitaiponya. Halafu tazama juu, pale boriti za mikoko zinapoingia ukutani. Huanza kuozea hapo, hasa chini ya choo au paa linalovuja. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la kale la masultani hapo Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo usidharau ufa.

Gari haliingii vichochoroni. Friji itabebwa na hamali, basi pima ngazi kwanza. Nyingi ni nyembamba na zina kona kali.